Watoto wa nguruwe kuhara wiki ya pili: acheni kusingizia minyoo

Wadau wafugaji, hili linajirudia sana mabandani. Watoto wa nguruwe wanazaliwa wazima, wananyonya vizuri, halafu kati ya siku ya 7 na ya 14 wanaanza kuhara. Kinyesi cha njano, kama uji mzito, kinanuka maziwa yaliyochacha. Mfugaji anakimbilia duka la dawa za mifugo, anauziwa dawa ya minyoo. Wapi! Anarudi, anapewa sindano ya antibayotiki. Wapi! Hela imekwenda na watoto wamedumaa.

Hebu tupige hesabu. Ile minyoo mikubwa ya mviringo, tangu yai limezwe mpaka mnyoo ukomae utage, ni wiki 6 hadi 8. Mtoto wa siku 10 ataupata wapi? Upo mnyoo mmoja mwembamba sana unaopitia kwenye maziwa, lakini huo unazuiwa kwa kumpa mama ivamektini wiki 1 au 2 kabla hajazaa.

Kwa umri huu mshukiwa mkuu ni koksidia, ndugu wa wale wanaoharisha kuku damu, ila kwa nguruwe damu kwa kawaida huioni. Si mnyoo wala bakteria, ndiyo maana dawa zile hazimgusi. Anaharibu ukuta wa utumbo mdogo, maziwa yanapita bure. Anatoka kwenye kinyesi cha uzao uliopita, na penye joto na unyevu anakomaa ndani ya siku moja hivi. Dawa nyingi za kusafishia hazimuui. Kwangua kinyesi chote, mwaga maji yanayochemka, banda likauke kabisa ndipo mama aingie.

Dawa yake ni toltrazurili, miligramu 20 kwa kila kilo, mdomoni, mara moja tu, siku ya 3 hadi ya 5. Ukingoja waharishe, utumbo umeshaharibika. Na jamani, ile ya kuku ya kuchanganya kwenye maji msikisie, nguvu yake si sawa. Muoneni bwana mifugo.

Minyoo ina zamu yake, baada ya kuachisha kunyonya. Inapokuwa michanga inapita kwenye ini na mapafu, nguruwe wanakohoa. Siku ya kuchinja kwa ajili ya kitimoto, ombeni kuliona ini. Madoa meupe ndiyo makovu ya safari hiyo, na kwa kuwa hufutika baada ya wiki chache, ukiyakuta ujue minyoo imeingia juzijuzi tu.