Maji yanayopotea kimya: Jinsi ya kulisaka bomba linalovuja ukutani

MTU aliyezaliwa Taru hahitaji kuelezwa thamani ya maji. Katika nyika hii kavu ya Kaunti ya Kwale, kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, mvua ikikosa msimu mmoja tu malambo hukauka, mifugo hukonda na akina mama huamka alfajiri na mitungi kwenda kusaka maji.

Hali hiyo si ya jana wala juzi. Misafara ya zamani iliyotoka pwani kwenda bara iliiogopa Taru, ikitegemea maji ya mvua yaliyotuama katika mashimo ya miamba. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipofika hapo, wajenzi walilazimika kuletewa maji kwa garimoshi. Katika miaka ya 1950 ndipo bomba kuu lilipolazwa kutoka chemchemi za Mzima, Tsavo Magharibi, likakata nyika hiyo kwa safari ya zaidi ya kilomita 200 hadi Mombasa.

Maji hayo hupita masafa yote hayo, yakafika mjini, kisha yakapotelea ndani ya ukuta wa nyumba pasipo mtu kujua! Mwisho wa mwezi bili huja imepanda, baba akamshuku mama kwa kufua sana, na mama akawashuku watoto kwa kucheza na mfereji. Kumbe mwizi ni bomba linalovuja.

Ni hasara kiasi gani? Chukua bilauri ya robo lita, uiweke chini ya mfereji unaodondoka. Ikijaa kwa dakika 10, basi unapoteza lita 36 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 ni lita 1,080, yaani mitungi 54 ya lita 20. Hayo ni maji unayoyaona. Je, yale usiyoyaona?

Mita haisemi uongo

Kabla ya kumwita fundi, fanya uchunguzi wako mwenyewe. Funga mifereji yote, asiende mtu chooni wala bafuni, na ungoje tangi lijae. Kisha andika nambari za mita na usubiri saa moja au mbili. Mita nyingi zina kigurudumu kidogo kinachozunguka hata maji yakipita kidogo sana. Kikizunguka ilhali mifereji imefungwa, kuna mahali panapovuja.

Sasa funga valvu ya kuingiza maji nyumbani. Mita ikiendelea kuzunguka, bomba limetoboka chini ya ardhi, kati ya mita na nyumba. Ikisimama, shida iko ndani. Kumbuka yuniti moja ya mita ni lita 1,000.

Kwa wale wanaopata maji kwa zamu, tangi ndilo mita yao. Usiku funga valvu inayoliingizia maji, utie alama mahali maji yalipofika, na utazame asubuhi. Usiku wa pili funga pia valvu ya kutolea maji. Yakipungua hata hivyo, tangi lenyewe ndilo bovu. Yasipopungua, saka kwenye mabomba.

Wenye pampu za umeme zinazojiwasha wana dalili nyingine. Pampu ikinguruma usiku wa manane na hakuna aliyefungua mfereji, maji yanatoroka. Hata watalii wanaosafiri kwa magari yenye vitanda, jiko na choo hugundua uvujaji kwa njia hiyo hiyo, maana pampu ya gari hujiwasha bila sababu.

Anza chooni

Mara nyingi mwizi yuko chooni, ambako maji huteleza kutoka tangi la kuvutia hadi kwenye bakuli bila sauti. Tia matone ya rangi ya chakula ndani ya tangi hilo na usivute kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, raba ya chini imechakaa. Raba ni kitu cha bei ndogo na kuibadilisha si kazi ngumu. Tazama pia boya. Likishindwa kufunga, maji hupanda na kumwagika kupitia bomba la ziada.

Baadaye kagua kuta. Rangi iliyovimba na kubambuka, kuvu jeusi nyuma ya kabati, au vigae vinavyolia wazi ukivigonga, zote ni dalili. Lakini hapa pwani tahadhari, kwani kuta za matumbawe hunyonya unyevu, na chumvi nyeupe chini ya ukuta huenda inatokana na ardhi wala si bomba. Kipimo kizuri ni majira. Ukuta uliolowa katikati ya kiangazi, wakati paa ni kavu, una bomba bovu jirani. Nje, tazama majani yaliyobaki kijani pale ambapo mengine yamekauka.

Kurekebisha

Kwanza funga maji. Kama ukuta umelowa karibu na nyaya, zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kushika patasi. Mabomba ya chuma huvuja zaidi kwenye maungio, na hewa ya chumvi huyala upesi. Fungua ungio, safisha nyuzi zake, zungushia ile tepu nyeupe ya mafundi kufuata upande wa kukazia, kisha kaza. Bomba la plastiki lililopasuka hukatwa kipande na kuungwa upya kwa soketi na gundi, na ni lazima likaushwe vizuri kwanza. Mpira wa tyubu uliokazwa kwa waya utakufikisha asubuhi fundi aje, lakini hiyo si dawa ya kudumu.

Usikimbilie kupiga plasta. Acha ukuta wazi siku moja au mbili, urudie kipimo cha mita, ndipo uzibe. Mita yenyewe usiifungue. Ukiona maji yakibubujika kabla ya mita, ijulishe kampuni ya maji, kwani sehemu hiyo ni jukumu lake.

Afya pia

Tundu linalotoa maji huweza pia kuingiza uchafu. Maji yakikatwa na nguvu ikaisha ndani ya bomba, majitaka yaliyo udongoni hunyonywa ndani. Siku ya zamu hufika kwenye bilauri ya mtoto, yakiwa na vijidudu vya kipindupindu au homa ya matumbo. Kwa hiyo, maji yanayokuja na rangi au harufu baada ya kukatika yachemshwe, na bomba likaguliwe.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mpendwa msomaji, leo ni Jumapili na familia iko nyumbani. Wape watoto kalamu na karatasi, waende kusoma mita.