Unajenga shawa ya taili Kisauni ama Likoni? Usimmalizie fundi ganji kabla ya kufanya hii testi

Cheki hii picha. Umejinyima miezi, umenunua taili kali, fundi ameangusha kazi na bafu lako pale Mshomoroni sasa linakaa kama la hoteli ya Nyali. Unapiga picha, unaweka status. Miezi mitatu baadaye, rangi ya chumba cha kulala inaanza kuvimba na kubanduka, ukuta unanuka unyevu. Manze, hapo ndio unajua ulilipia urembo tu.

Iko hivi: taili pekee hazizuii maji. Kila ukioga, maji yanapenya kidogo kidogo kwenye grauti, ile simiti ya kujaza mianya. Kinachoyazuia ni kile kilicho chini ya taili. Na huku kwetu shida inazidi, kwa sababu nyumba nyingi kuanzia Likoni hadi Changamwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe. Hayo mawe yana vitundu, yanafyonza maji kama sponji.

Kwa hivyo kama unajenga, fuata huu mpango.

Kwanza, kuta. Zile video za Wamarekani wakisimamisha fremu ya mbao na kubandika bodi, ziache huko. Hapa unyevu na mchwa vitaimaliza hiyo mbao. Jenga kwa mawe ama bloki, piga plasta, na uweke kizingiti cha sentimita 10 hivi ili maji yasitoke nje ya shawa.

Pili, mteremko. Sakafu ishuke sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Kama shawa yako ni sentimita 90 kwa 90 na tundu liko ukutani, upande wa pili uwe juu kwa karibu sentimita 2. Mteremko unatengenezwa na simiti ya sakafu. Fundi akikwambia atauweka kwa kuinua taili na gundi, mshtukie.

Tatu, dawa ya kuzuia maji, ile ya kupaka kwa brashi. Paka sakafu yote, kizingiti, na ukuta hadi mita 1.8. Kwenye kona na kuzunguka tundu, laza kitambaa cha wavu ndani ya dawa, maana hapo ndipo nyufa huanzia. Mkono wa kwanza ukauke ndio upake wa pili.

Nne, maji ya kuchanganyia simiti. Hapa wasee wengi huchoma. Maji ya visima vyetu mara nyingi ni ya chumvi, na hiyo chumvi hutoka baadaye kama unga mweupe juu ya grauti. Afadhali ununue mitungi michache ya maji matamu kwa mkokoteni. Mchanga wa ufuoni pia, hapana.

Sasa testi yenyewe. Dawa ikishakauka, kabla taili hata moja haijawekwa, ziba tundu la maji kabisa. Jaza maji kama sentimita 5, weka alama ya penseli ukutani, kisha acha saa 24. Kesho yake angalia alama. Angalia pia upande wa pili wa ukuta, na kama uko ghorofani, dari ya jirani wa chini. Maji yakishuka sana ama ukiona doa, dawa irudiwe. Kurudia kupaka ni kazi ya siku moja. Kubomoa taili ni hasara, kwa sababu hazitoki nzima.

Fundi anayelipwa kwa siku ama anayekimbilia kazi nyingine Magongo hatapenda kungoja. Ndio maana mnaelewana mapema, kabla hajashika mwiko: sehemu ya mwisho ya malipo inatoka testi ikipita na taili zikigongwa bila kutoa sauti ya utupu.

Wewe je, fundi wako alijaza maji akangoja saa 24, ama alikurukia moja kwa moja kwa taili?