Kabla ya kumkatia mbwa bima, mpe chanjo

Asubuhi ya Juni mjini Sumbawanga, baridi ya uwanda wa Ufipa humfanya mtu mzima asitamani kutoka kitandani. Mara nyingi anayetangulia uani ni mtoto, na anayempokea ni mbwa.

Mbwa huyohuyo ndiye mlinzi wa usiku. Vijijini, kuanzia Laela hadi Namanyere, ndiye anayefuatana na watoto machungani. Akiugua au akigongwa na pikipiki, familia hubaki na swali moja: fedha za matibabu zitoke wapi?

Wazazi wengine wameshaona kwenye simu kwamba Ulaya mbwa ana bima ya afya, nao wanajiuliza kama wanaweza kumkatia wao wa kwao.

Bima hiyo inavyofanya kazi

Bima hiyo ipo kweli. Nchini Marekani, mwaka 1982, mbwa aliyeigiza kama Lassie kwenye televisheni alikatiwa bima ya afya. Uingereza na Sweden ni jambo la kawaida.

Mwenye mbwa hulipa ada kila mwezi au kila mwaka. Mnyama akiugua, kwa kawaida humlipa daktari kwanza, kisha kampuni humrudishia sehemu ya gharama. Neno la kushika hapo ni "sehemu".

Kwa hiyo, yeyote anayeletewa mkataba wa bima ya mnyama aulize maswali haya kabla ya kutia saini:

1. Ni nini hakilipwi? Mikataba mingi huacha nje ugonjwa aliokuwa nao mnyama kabla ya bima, na ugonjwa ambao chanjo ingeuzuia.

2. Bima inaanza kufanya kazi lini? Huwa kuna siku za kusubiri baada ya kulipa ada.

3. Mteja anabeba kiasi gani mwenyewe, na kampuni inalipa mwisho shilingi ngapi kwa mwaka?

4. Daktari wa mifugo anayekubaliwa na kampuni yuko wapi? Kama ni lazima kusafiri hadi Mbeya, nauli nayo ni gharama.

5. Je, kampuni ina leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA)?

Usichanganye bima tatu

Bima ya mifugo si bima ya mbwa. Inawalenga ng'ombe na mifugo mingine ya uzalishaji, na kwa kawaida hulipa mnyama anapokufa, si anapotibiwa. Familia inayolima kwa maksai inaweza kuona faida yake zaidi, kwa kuwa maksai akifa msimu wa kilimo, shamba la mahindi nalo husimama.

Bima ya afya ya familia nayo ni ya watu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 haimhusu mbwa. Hata hivyo, mzazi mwenye mbwa aulize mapema: je, kitita chetu kinagharamia chanjo ya kichaa cha mbwa kwa mtu aliyeng'atwa?

Swali hilo ni zito kuliko yote. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu, na asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto walio chini ya miaka 15.

Kibubu cha mbwa

Kwa familia nyingi za Ufipa, bima iliyo karibu ni chanjo. Mtoto wa mbwa huchanjwa afikishapo miezi mitatu, kisha chanjo hurudiwa kila mwaka. Ofisa mifugo wa kata ndiye wa kumuuliza siku na gharama. Paka naye achanjwe. Cheti kitunzwe pamoja na kadi za kliniki za watoto.

Matibabu mengine yanaweza kuwekewa kibubu. Familia ikitenga Sh2,000 kila wiki, kwa mwaka itakuwa na Sh104,000. Mbwa asipougua, fedha hizo zinabaki kuwa za familia, tofauti na ada ya bima.

Mtoto aking'atwa

Oshwe jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama mkwaruzo ni mdogo na mbwa ni wa nyumbani. Asipakwe majani, pilipili wala mafuta. Akianzishiwa chanjo, amalize dozi zote kwa tarehe alizopangiwa.

Watoto wengi huficha jeraha kwa kuogopa kuchapwa, au kwa kuogopa mbwa wao atauawa. Mzazi awaambie leo, kabla halijatokea: atakayeng'atwa au kukwaruzwa aseme, na hatagombezwa.

Maneno hayo hayana ada, lakini yanaweza kuokoa maisha ya mtoto kabla ya bima yoyote.