Filimbi Ndani ya Muundi: Asili ya Majina ya Viungo vya Mwili

Mguu wa nyuma wa ng'ombe ukilazwa juu ya gogo la buchani Lalago, wilayani Maswa, mwuza nyama huukata akifuata maungio ambayo mkono wake umeyazoea. Kisu kikipita gotini hutoka kijifupa cha mviringo ambacho Kiswahili hukiita pia ya goti, kwa kuwa kinafanana na pia wanayochezea watoto. Warumi walikiona kama kisahani, wakakiita patella. Chini yake kuna mfupa mrefu wa muundi, tibia, jina ambalo Kilatini kililitumia vilevile kwa filimbi. Binadamu ana mfupa mwingine mwembamba kando ya huo, fibula, maana yake pini ya kufungia vazi begani, na ukiitazama mifupa hiyo miwili kwa pamoja, ule mwembamba umelala kando ya mnene kama sindano ya pini. Kwa ng'ombe pini hiyo karibu imetoweka: imebaki ncha ya juu iliyogandamana na tibia, na kijifupa kidogo upande wa chini. Kwenye kifundo, juu kidogo ya kongoro, kuna mfupa wa talus, ambao Wagiriki waliuita astragalos. Walikuwa wakiitoa mifupa ya namna hiyo kwenye miguu ya kondoo na mbuzi na kuichezea kama dadu.

Kisahani, filimbi, pini na dadu ni vitu vya nyumbani. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayeyakariri majina haya kwa hofu, baada ya kusoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kwa kawaida haambiwi hivyo. Anapewa orodha ya maneno yasiyo na sura, ilhali walioyabuni walikuwa wakitazama vyombo vyao wenyewe.

Mengi ya majina hayo ni ya Kilatini, lakini Kigiriki ndicho kilichotangulia, kwa kuwa uchunguzi wa ndani ya mwili uliandikwa kwanza kwa lugha hiyo. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Herophilus wa Chalcedon alipasua maiti za binadamu huko Aleksandria, Misri, na baadhi ya majina aliyoyatoa yanatumika hadi sasa. Miaka mingi baadaye Galen wa Pergamon, aliyezaliwa mwaka 129 baada ya Kristo, aliandika vitabu vilivyotawala tiba kwa zaidi ya miaka 1,000, navyo pia kwa Kigiriki. Warumi walichukua maarifa hayo, wakaendelea kuviita viungo vya kawaida kwa maneno ya kwao. Ndiyo maana kiungo kimoja mara nyingi kina majina mawili. Figo ni ren kwa Kilatini na nephros kwa Kigiriki. Moyo ni cor na kardia. Ngozi ni cutis na derma. Kwa desturi, umbo la kiungo hufuata Kilatini na ugonjwa wake hufuata Kigiriki. Mshipa unaopeleka damu kwenye figo hupewa jina linalotokana na ren, lakini uvimbe wa figo huitwa nefraitisi. Mwisho huo wa -itisi, anaoukuta mgonjwa kwenye kadi yake akiambiwa ana gastraitisi au hepataitisi, ni wa Kigiriki, na siku hizi una maana ya uvimbe unaoambatana na joto na maumivu. Gaster ni tumbo, hepar ni ini.

Kati ya Galen na vyuo vya Ulaya kuna daraja ambalo vitabu vingi vya shule hulipita haraka mno, nalo ni Kiarabu. Msemaji wa Kiswahili ana haki ya kulifahamu, kwa sababu lugha yake ilichota kisima hichohicho. Mfano mzuri kuliko yote ni sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, mara tu baada ya tumbo. Herophilus aliipima kwa upana wa vidole vilivyopangwa sambamba, akapata 12, akaiita dodekadaktylon, yaani ya vidole kumi na viwili. Waarabu walipotafsiri tiba ya Kigiriki walilifasiri jina hilo wakaandika ithna ashari. Katika karne ya 12, mjini Toledo, Hispania, Gerard wa Cremona alikitafsiri kwa Kilatini kitabu kikubwa cha tiba cha Ibn Sina, na ile kumi na mbili ikawa duodenum. Neno la Kiarabu lililokuwa katikati ya safari hiyo ni lile lile lililoingia Kiswahili cha pwani likawa thenashara. Mzee wa pwani anayehesabu hadashara, thenashara, anatamka jina la utumbo huo bila kujua.

Ngozi zinazoufunika ubongo zina kisa cha kushangaza zaidi. Waganga wa Kiarabu waliziita umm, mama, kwa mazoea yao ya kukiita mama kitu kinachobeba au kuhifadhi kingine. Moja ilikuwa mama ngumu, nyingine mama nyororo. Mtafsiri Stephen wa Antiokia, aliyefanya kazi yake mwaka 1127, alizigeuza kwa Kilatini kuwa dura mater na pia mater. Dura ni ngumu, hapo hakuna tatizo. Lakini pia kwa Kilatini ni mcha Mungu, mwenye huruma kwa wanawe. Wororo wa utando ukageuka kuwa upole wa tabia, na madaktari wa dunia nzima wanaendelea kuutaja utando mwembamba wa ubongo kama mama mchaji.

Makosa ya aina nyingine yamehifadhiwa pia. Maiti inapopasuliwa, mishipa minene inayotoka moyoni hukutwa mitupu au karibu mitupu, na Wagiriki wa kale wakadhani imebeba hewa. Mishipa hiyo waliiita arteria, na bomba la hewa la kooni waliliita arteria tracheia, ateri ya kukwaruza, kwa ajili ya pete zake za gegedu zinazosikika chini ya kidole. Galen alithibitisha kwamba ateri zimejaa damu mnyama anapokuwa hai. Jina halikubadilika. Kivumishi kikabaki na bomba la hewa, trakea, na nomino ikabaki na mishipa ya damu.

Ndani ya sikio Kiswahili na Kilatini vimekutana bila kushauriana. Utando unaopokea sauti ni tympanum, ngoma. Kiswahili huuita kiwambo, kutokana na kuwamba, kazi ya kuivuta ngozi mbichi juu ya mzinga wa ngoma na kuifunga ikauke. Katika nchi ya Wasukuma, ambako vikundi vya Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma baada ya mavuno, picha hiyo haihitaji maelezo. Nyuma ya kiwambo vimepangwa vijifupa vitatu: malleus ni nyundo, incus ni fuawe, stapes ni kikuku cha kukanyagia mpanda farasi. Kikuku hicho kina urefu wa milimita 3 hivi, na ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini. Jina lake linadhihirisha umri wake: Warumi hawakuwa na vikuku vya farasi, kwa hiyo neno stapes ni Kilatini cha zama za kati, na kijifupa chenyewe kilielezwa katika karne ya 16. Ni karne hiyohiyo ambayo Andreas Vesalius, aliyechapisha kitabu chake kikuu cha mwili wa binadamu mwaka 1543, aliifananisha vali ya moyo yenye pande mbili na mitra, kofia ya askofu. Ndiyo vali ya mitra ya leo.

Kiswahili kimebuni kwa njia hiyohiyo, na pengine kwa macho makali zaidi. Nyama ya nyuma ya muundi ni shavu la mguu. Kinyama kinachoning'inia mwisho wa kaakaa Warumi walikiita uvula, kizabibu. Kiswahili hukiita kilimi, ulimi mdogo. Pale kifua kinapoishia kuna ncha ya mfupa ambayo Wagiriki waliilinganisha na upanga, xiphos, na mahali hapohapo Kiswahili husema chembe cha moyo, na chembe ni kichwa cha mshale. Katikati ya jicho Warumi waliona pupilla, kisichana au mwanasesere, kwa sababu ukimtazama mtu machoni kwa karibu unajiona humo ukiwa mdogo. Kiswahili hakikutazama sura, kilitazama kazi. Mboni imetoka katika kuona, kwa umbo lake la kale lenye b, ambalo Kisukuma bado kinalo: kubona. Mtoto wa Lalago anayo nusu ya etimolojia hiyo kabla hajafika shule.

Kufikia mwisho wa karne ya 19 majina yalikuwa yamezidi. Vyuo mbalimbali vilikuwa vimetoa takribani majina 50,000 kwa sehemu zipatazo 5,000. Mwaka 1895 wataalamu walikutana Basel, Uswisi, wakachagua jina moja la Kilatini kwa kila sehemu, na orodha hiyo imerekebishwa mara kadhaa, ikiwamo ile ya kimataifa ya 1998. Kanuni mojawapo ya marekebisho hayo ilikuwa kuyaondoa majina ya watu.

Mirija ya falopio inaonyesha faida ya kanuni hiyo: jina la mtu likiondolewa, inabaki picha. Gabriele Falloppio, aliyefariki mwaka 1562, aliiona mirija ya uzazi ikipanuka mwishoni, akaiita tuba, tarumbeta. Kiingereza kikaisikia tuba kama bomba. Kiswahili kikalitafsiri bomba hilo kwa mrija, ule unaotumika kunywea pombe kutoka chunguni. Tarumbeta ikapotea katika lugha zote mbili, lakini Kigiriki kimeitunza: tarumbeta ni salpinx, na mwanamke anayeandikiwa salpinjaitisi kwenye kadi yake ya kliniki ameandikiwa uvimbe wa tarumbeta.