Una duka la kazi za mikono? Mpe mtu wa matangazo kazi, usimpe funguo

Dodoma. Vikapu vimeshasukwa na kupangwa. Picha tatu zimepigwa kwa simu, zimewekwa kwenye stetasi ya WhatsApp. Walioangalia ni 46, karibu wote ndugu na majirani, na aliyeuliza bei ni mmoja, tena aliishia hapohapo.

Hali hiyo ikijirudia wiki mbili tatu, wazo la kumlipa kijana wa mjini "anayejua mitandao" linaanza kuingia akilini. Na ni wazo zuri. Anayesuka vikapu, kufinyanga vyungu au kutunga shanga katika kata ya Busi, wilayani Kondoa, hana muda wa kusuka mchana kutwa halafu usiku akae anahangaika na matangazo ya Instagram.

Shida huwa inaanzia kwenye namna ya kukabidhi. Wengi wakichoka wanatoa vyote kwa mkupuo: nywila, namba ya simu, bei, hata hela za wateja. Miezi sita baadaye mkiachana, duka la mtandaoni linaondoka na yule kijana.

Piga hesabu kabla ya kupiga simu

Hesabu inayofuata ni ya mfano tu. Weka namba zako.

Tuchukulie kikapu kinauzwa Sh30,000. Malighafi na rangi Sh9,000, ujira wa msukaji Sh10,000, usafiri na mfungashio Sh3,000. Unabaki na Sh8,000. Sasa mtu wa matangazo anataka laki moja na nusu kwa mwezi, na juu yake Sh50,000 ya kusponsa. Jumla laki mbili.

Laki mbili ukigawa kwa Sh8,000 unapata vikapu 25. Hivyo ni vikapu vya kuuza juu ya vile unavyouza sasa, na hapo bado hujapata hata senti, umemlipa yeye tu.

Halafu kuna swali ambalo mtu wa matangazo hatakuuliza: nani atavisuka? Kama kikapu kimoja kinachukua siku tatu, msukaji mmoja asiyepumzika hata siku moja anamaliza vikapu 10 kwa mwezi. Unahitaji wasukaji watatu wapya ili tu tangazo lijilipe.

Hapa ndipo kazi za mikono zinapotofautiana na biashara ya nguo za mtumba au vifaa vya simu. Muuza kava za simu, wateja wakiongezeka anaagiza katoni nyingine. Wewe huagizi mikono. Tangazo likifanya vizuri kuliko uwezo wako, utakuwa na watu 40 waliolipa nusu wakisubiri mzigo, na maoni yao chini ya picha zako hayatapendeza.

Kwa hiyo ukikuta vikapu 60 vimelala ndani, tangazo ni dawa. Ukikuta kila kinachosukwa kinaondoka ndani ya wiki, hela hiyo ipeleke kwa msukaji wa pili. Au pandisha bei kidogo, uone wateja watasemaje.

Na kama mtaji wenyewe ni ule mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, unaogawanywa asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, basi uwe mwangalifu zaidi. Hauna riba, lakini unarudishwa. Malighafi unaweza kuiona na kuigusa, ila tangazo lililopita bila kuuza halikuachii kitu.

Funguo zinakaa kwako

Funguo za duka la mtandaoni ni laini ya simu, barua pepe, akaunti zenyewe na namba ya kupokelea pesa.

Anza na laini. Tanzania laini husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA. Ikisajiliwa kwa kidole cha kijana wa matangazo, hiyo laini ni yake, hata kama wewe ndiye uliyeinunua na kuiweka vocha miaka miwili. Sajili mwenyewe. Iwe laini ya biashara peke yake, tofauti na ile ya familia.

WhatsApp Business inaruhusu simu yako kuunganishwa na vifaa vingine hadi vinne. Maana yake msaidizi anaweza kujibu wateja kutoka Dodoma mjini au Dar wakati simu iko mkononi mwako Busi. Ila anaona mazungumzo yote, ndiyo sababu ya kutenga laini.

Facebook na Instagram nako hakuna haja ya kugawa nywila. Ukurasa wa Facebook, na akaunti ya Instagram iliyounganishwa nao, una sehemu ya kumwongeza mtu na kuchagua anachoruhusiwa kufanya: kuposti, kujibu ujumbe, kuweka matangazo. Siku akiondoka unamtoa kwa kubonyeza mara chache. Anayesisitiza kuwa lazima apewe nywila, ama hajui kazi yake au anajua sana.

Pesa je? Mteja alipe kwenye lipa namba ya biashara, ambayo huonyesha jina kabla hajathibitisha malipo. Pesa isipitie kwa mtu wa matangazo hata siku moja, hata kwa "nitakutumia jioni". Yeye utamlipa wewe.

Funguo nyingine ni daftari la wateja: jina, namba, alichonunua, lini. Oktoba 4, 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilipotea duniani kote kwa takriban saa sita. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Duka ambalo wateja wake wote wako ndani ya Instagram, siku kama hizo halina hata mtu wa kumpigia.

Daftari hilo pia si la kugawa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inalinda taarifa za watu zikiwemo namba zao. Mtu wa matangazo hana ruhusa ya kuchukua namba za wateja wako akawatangazia duka lingine analolihudumia. Mwambie mapema.

Jina na hadithi visiandikwe na mgeni

Kuna kosa moja la watu wa matangazo linalokera. Wakiona kazi ya mikono kutoka bara, haraka wanaandika "kikapu cha Kimasai", kwa sababu jina hilo watalii wanalijua. Aliyekisuka ni mama wa Kirangi.

Huo ni uongo, na ni biashara mbaya pia. Vikapu vya Iringa, vinavyosukwa kwa majani ya milulu, vimejulikana hadi nje ya nchi kwa jina la mahali vinapotoka. Hakuna aliyehitaji kuazima kabila lingine. Kondoa nayo ina jina lake: michoro ya miambani ya Kondoa iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006, na wageni wanaokwenda kuiona Kolo wanapita wilaya hiyohiyo. Mgeni aliyetoka kuangalia michoro ya kale anataka kujua kikapu alichokishika kimesukwa na nani, kijiji gani.

Jambo hilo unalijua wewe. Zungumza kwa sauti kwenye simu dakika tano: malighafi inatoka wapi, rangi inachemshwaje, nani alikufundisha. Mtumie rekodi hiyo, yeye aiandike vizuri, na Kiingereza akitia kama wateja ni wageni. Kisha akurudishie uisome kabla haijapostiwa.

Majina yana thamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2007 ilizuka vita ya kisheria pale kampuni moja ya Uingereza ilipoomba kulisajili neno "Kikoy" kuwa alama yake ya biashara huko kwao. Wafanyabiashara wa Kenya, wakisaidiwa na shirika la Traidcraft, walipinga na ombi hilo halikufanikiwa. Ikiwa neno la vazi la pwani nzima lilitaka kwenda hivyo, jina la duka lako dogo ambalo halijasajiliwa popote ni jepesi zaidi. Usajili wa jina la biashara unafanyika BRELA kwa mtandao. Fanya hivyo kabla hujamlipa mtu kulitangaza.

Sasa umpe nini?

Kazi inayohesabika, yenye mwanzo na mwisho.

Picha ndiyo ya kwanza. Kusanya bidhaa zote, mwite mpiga picha siku moja, apige asubuhi kwenye mwanga wa jua la mapema. Picha 40 nzuri zinakutosha miezi mitatu. Dai faili zenyewe kwa ukubwa wake kamili, si zile zilizotumwa WhatsApp zikapungua ubora, na mkubaliane kwa maandishi kuwa una haki ya kuzitumia popote.

Kusponsa ni ya pili. Kunahitaji mtu anayejua kuchagua nani aone tangazo, maana hela ya kuonyesha kikapu kwa watu ambao hawatakinunua inaisha upesi sana. Kwa duka la Busi, wateja wa karibu wenye uwezo wapo Dodoma jiji, ambako Serikali imehamia na nyumba mpya zinahitaji vitu vya kupambia. Barabara ya Dodoma–Babati kupitia Kondoa ni lami, mzigo unafika kwa basi. Kuanza na mteja wa Dodoma ni rahisi kuliko kumkimbilia wa Ulaya ambaye kumtumia kikapu kimoja kunaweza kugharimu kuliko kikapu chenyewe.

Video fupi ni nzuri, lakini hizo hata mtoto wako wa sekondari anaweza. Mikono ikisuka, sekunde 20, inatosha.

Kujibu wateja kuna utata. Salamu, bei na maelekezo anaweza kujibu msaidizi. Lakini swali la "nikiagiza leo nitapata lini?" lijibiwe na anayejua nani yuko shambani wiki hii na nani anauguza. Msimu wa kilimo wasukaji wengi wanashika majembe, na mtu wa Dar hatalijua hilo.

Kumlipa kwa namna gani

Njia ni mbili. Malipo ya kazi, kwa mfano kiasi fulani kwa siku ya picha, au kamisheni. Asilimia 10 ya kikapu cha Sh30,000 ni Sh3,000. Unabaki na Sh5,000, na asipouza hulipi. Kwa anayeanza, kamisheni ina usalama zaidi, ila muelewane mteja yupi amemleta yeye. Yule aliyekuja mwaka jana kutoka Nanenane pale Nzuguni hahesabiki. Anayerudi mara ya pili je? Amueni kabla, si wakati wa kugombana.

Anza na mwezi mmoja. Anayetaka miezi mitatu mbele, anayeahidi "wafuasi elfu 10" au mauzo ya uhakika, mpite. Wafuasi wananunulika, na hawanunui vikapu. Muombe majina ya maduka mawili aliyowahi kuyahudumia, kisha wapigie wenyewe.

Makubaliano si lazima yaandikwe na wakili. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua ujumbe wa kielektroniki kama ushahidi, kwa hiyo ujumbe wa WhatsApp uliojibiwa "nimekubali" una uzito. Unaweza kuandika hivi:

"Habari kaka. Kama tulivyoongea jana: utapiga picha 40 na kuweka matangazo manne mwezi huu. Hela ya kusponsa ni Sh50,000, naiweka mwenyewe. Kamisheni yako ni asilimia 10 kwa mteja mpya aliyetokea kwenye matangazo, ununuzi wa kwanza tu. Picha zote na akaunti ni mali ya duka. Bei haibadilishwi bila kuniuliza. Ukiafiki naomba unijibu."

Halafu pima. Kila mteja aulizwe "umetuona wapi?", jibu liandikwe kwenye daftari. Ripoti yake ya kurasa tano yenye "watu 12,000 waliofikiwa" iwekwe kando ya mistari ya daftari. Kama walionunua kutokana na tangazo ni wanne, ni wanne.

Na mkiachana, hata kwa amani, kuna kazi ya nusu saa. Mtoe kwenye ukurasa wa Facebook na akaunti ya matangazo. Ondoa kadi ya malipo aliyokuwa akiitumia. Fungua WhatsApp, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, utoe kila usichokitambua. Badilisha nywila ya barua pepe kwanza, ndipo za Instagram na Facebook, kwa sababu mwenye barua pepe anaweza kuzirudisha zote. Mwisho angalia namba ya kurejeshea akaunti ni ya nani. Mara nyingi ndiyo husahaulika, na unakuta bado ni ya kwake.