Vakyumu kuukuu: Kabla ya kutoa chapaa, pima pumzi yake

UKIPITA kwenye vibanda vinavyouza vifaa vya stima vya mitumba jijini Nairobi, hutakosa kuziona. Zimesukumwa chini, nyuma ya majiko na mashine za kufua, paipu zimejikunja kama nyoka na vumbi la Ulaya bado limo tumboni. Hizi ni mashine za kufyonza vumbi, au vakyumu kama tunavyoziita mtaani. Muuzaji atakuambia iko fiti. Ataichomeka kwenye soketi, itanguruma, naye atatabasamu.

Usitabasamu naye bado. Vakyumu inaweza kunguruma kama matatu ya Rongai na isiinue hata punje ya sukari. Nyingine nayo imezima kabisa, inauzwa bei ya kutupa, kumbe inahitaji vipande viwili vya kaboni na nusu siku ya usafi. Kwa kijana anayetaka kuanza kazi ya kusafisha makapeti na makochi kwa mtaji mdogo, kujua tofauti ya hizo mbili ndiko kunakoamua kama pesa zitarudi au zitaenda na upepo.

Kwanza elewa inavyofanya kazi. Ndani kuna mota inayozungusha feni kwa kasi ya zaidi ya mizunguko 20,000 kwa dakika. Feni hiyo husukuma hewa nje, na hewa nyingine hukimbilia ndani kupitia paipu ikiwa imebeba vumbi. Mfuko na filta hushika uchafu, hewa inapita. Kwa hivyo mashine hii huishi kwa pumzi. Ikizibwa mahali popote, itapiga kelele bure na mota itapata moto.

Soma kibandiko kwanza

Pindua mashine utafute kibandiko chenye maelezo ya stima. Kenya tunatumia volti 240. Mashine zilizotengenezewa soko la Marekani huandikwa volti 120, na ukiichomeka hapa bila transfoma mota inaweza kuungua papo hapo. Usidanganywe na plagi ya pini tatu, kwa sababu kubadilisha plagi ni kazi ya dakika tano. Transfoma ya kubeba mzigo wa vakyumu nayo ni nzito na ina bei yake. Ukiona 120, songa mbele.

Angalia pia wati, lakini zisikutie kiwewe. Kuanzia Septemba 2014 Umoja wa Ulaya ulizuia vakyumu mpya za zaidi ya wati 1,600, na kuanzia Septemba 2017 ukashusha kiwango hicho hadi wati 900. Watengenezaji walilazimika kuboresha feni na njia ya hewa. Ndiyo maana mashine ya wati 900 iliyoundwa vizuri inaweza kuvuta kuliko ya wati 2,000 iliyochoka. Wati hukuonyesha stima itakayokula. Ya wati 1,200 ikifanya kazi nusu saa inameza uniti 0.6 za tokeni zako.

Mtihani wa kiganja

Ikiwaka, toa paipu na uweke kiganja kwenye tundu la mashine yenyewe. Ikikamata mkono kwa nguvu, mota ina uhai. Sasa rudisha paipu na uweke kiganja kwenye mdomo wake. Kama nguvu imepungua sana, shida iko kwenye paipu: imeziba au imetoboka.

Kuna mbinu rahisi ya kujua ni ipi. Chomoa paipu, iinue, kisha dondosha sarafu upande mmoja. Ikitokea upande wa pili, njia iko wazi, kwa hivyo tafuta tundu. Mara nyingi paipu hupasuka karibu na mdomo, pale inapokunjwa kila siku. Hapo unaweza kukata sehemu mbovu na kuirudisha kwenye kishikio. Gundi ya karatasi haitadumu.

Iache mashine ikinguruma dakika tano hivi, huku umenyamaza. Sauti kali kama filimbi au ya chuma kusaga chuma ni dalili ya beringi zilizokufa. Ikizima ghafla na kukubali tena baada ya kupoa, huenda kinga yake ya joto inafanya kazi kwa sababu pumzi imezibwa. Hiyo ni habari njema, kwani usafi unaweza kuiponya. Lakini ukisikia harufu kali ya waya zilizoungua, hata bei ikishushwa vipi, achana nayo.

Fungua, safisha, kausha

Ukifika nyumbani, kabla ya kushika bisibisi, chomoa plagi kwenye soketi. Kuzima swichi hakutoshi. Vaa barakoa, kisha utoe uchafu nje ya nyumba. Hilo ni vumbi la miaka, na huwezi kujua lilitoka wapi.

Mfuko wa karatasi ukijaa hutupwa, hauoshwi. Filta ya sifongo huoshwa kwa maji baridi na sabuni kidogo. Zile za kukunjwakunjwa kama feni ya karatasi, angalia kama zimeandikwa kuwa zinaoshwa, la sivyo nunua nyingine. Baada ya kuosha, anika mahali penye upepo kwa saa 24 au zaidi. Filta mbichi ikirudishwa, unyevu unavutwa hadi kwenye mota na vumbi linageuka tope.

Kama kichwa chake kina brashi inayozunguka, ipindue. Utakuta nywele, nyuzi na mabaki ya rasta yamejisokota hadi brashi imekwama. Kata kwa makasi, polepole. Ukanda wa mpira unaozungusha brashi ukiwa umelegea au umekatika, beba ule wa zamani uende nao dukani.

Mota ikitoa cheche

Ndani ya mota za namna hii kuna vipande viwili vya kaboni vinavyosukumwa na springi hadi vikagusa pete ya shaba inayozunguka. Kazi yao ni kupitisha stima, na huisha taratibu kama chaki. Vikifupika, mota huanza kukata na kuwaka, kutoa cheche nyingi, na mwishowe inazima. Hapo ndipo mwenyewe huitupa.

Drili na grainda pia hutumia kaboni, ndiyo maana maduka ya vipuri kama yale ya Luthuli na River Road ni mahali pazuri pa kuanza kutafuta. Nenda na zile kuukuu ulinganishe. Zikiwa nene kidogo, zinaweza kusuguliwa kwa msasa laini hadi ziteleze bila kukwama. Badilisha zote mbili kwa pamoja, kisha iache mashine ikimbie dakika kadhaa bila mzigo ili zijipange.

Cheche ndogo za samawati ni kawaida. Zikizunguka pete nzima kama duara la moto hata baada ya kuweka kaboni mpya, mota yenyewe imechoka. Kuisuka upya kunaweza kugharimu kuliko mashine uliyonunua.

Waya wa stima uliofungwa kwa tepu nao ubadilishwe wote. Fungua plagi uone fyuzi. Kuna watu huweka kipande cha waya au msumari mahali pake, na siku mambo yakiharibika, hakuna kitakachokata stima kabla ya moto. Kama hujawahi kufanya kazi ya stima, mlipe fundi akukagulie. Hapo si mahali pa kubana matumizi.

Usiinyweshe maji

Wanaotaka kazi ya kuosha makochi wasikie hili vizuri. Vakyumu ya kawaida ni ya vumbi kavu pekee. Ukiivutisha povu, maji yanaingia kwenye mota, na wewe umeshika kishikio. Kazi ya maji inahitaji ile iliyoundwa kwa kavu na mbichi. Hiyo nayo, kabla ya kuvuta maji, hutolewa mfuko wa karatasi na kuwekewa filta yake ya sifongo.

Piga hesabu

Andika kila kitu: bei ya mashine, nauli, kaboni, filta, mfuko, waya na kazi ya fundi. Jumla ikipita nusu ya bei ya mpya yenye waranti, fikiria tena. Na kabla ya kulipa, hakikisha mifuko na filta za aina hiyo zinapatikana hapa.

Wala usione aibu kuanza na vyuma vya watu. Vakyumu ya stima ya kubeba mkononi ina historia ya jua kali. James Murray Spangler, msafishaji wa duka huko Ohio, Marekani, aliyekuwa na pumu, alichoshwa na vumbi lililompandisha kifua kila alipofagia mazulia. Akaunganisha mota ya feni, sanduku la sabuni, mpini wa ufagio na foronya ya mto. Mwaka wa 1908 akapata hataza, kisha haki zake zikanunuliwa na William Hoover, mtu ambaye jina lake bado limebandikwa kwenye mashine hizo.

Ile iliyoshindikana isitupwe mtaroni. Paipu, magurudumu na swichi zake zitaokoa nyingine. Usichome waya ili upate shaba, kwani moshi wake ni sumu. Mabaki yapelekwe kwa wanaorejeleza taka za kielektroniki, kama WEEE Centre hapa Nairobi.

Na ukiamua kuuza uliyoifufua, mwambie mnunuzi ulichobadilisha na usichobadilisha. Kisha mwache aweke kiganja chake mwenyewe.