Kujipikia Shelisheli: Likizo ya Ufukweni katika Visiwa vya Gharama

Visiwa vya Shelisheli vinajulikana duniani kote kuwa mahali pa matajiri, na sifa hiyo haikutungwa na matangazo ya biashara peke yake, kwa kuwa humo mna visiwa vizima vilivyogeuzwa hoteli moja, kama vile North Island, ambako Mwanamfalme William wa Uingereza na mkewe walikwenda fungate mwaka 2011. Hata hivyo, nchi hiyohiyo ina wakazi wapatao laki moja ambao wengi wao hupika nyumbani kila siku kwa mishahara ya kawaida, na ni kwa kufuata mwenendo wao ndipo mgeni wa kipato cha wastani anapoweza kukaa wiki nzima kando ya bahari ileile bila kufilisika. Namna hiyo ya kusafiri ndiyo likizo ya kujipikia, ambapo mgeni hukodi nyumba au chumba chenye jiko, jokofu, masufuria na vyombo vya kulia, kisha hujinunulia chakula na kujihudumia mwenyewe, badala ya kulipia hoteli inayompikia milo mitatu.

Ughali wa visiwa hivi una sababu zinazoonekana kwa macho. Nchi ina visiwa 115 vilivyotawanyika baharini, na vile vitatu vinavyokaliwa na watu wengi zaidi, yaani Mahé, Praslin na La Digue, ni vilima vya mawe magumu ya matale vilivyochomoza kutoka baharini, kiasi kwamba mlima wa Morne Seychellois katika Mahé unafikia mita 905 ilhali kisiwa chenyewe hakizidi kilomita 8 kwa upana wake. Ardhi tambarare ya kulima ni haba sana, hivyo mchele, unga, vitunguu, mafuta ya kupikia na maziwa huletwa kwa meli hadi bandari ya Victoria, na sehemu inayokwenda Praslin na La Digue hupakiwa upya katika vyombo vidogo. Kitunguu kinachokatwa La Digue kimelipiwa nauli ya bahari mara mbili kabla hakijaguswa na kisu, na mkahawa hauna budi kuirudisha gharama hiyo kwa mlaji pamoja na mishahara, umeme na faida yake.

Umbali nao una historia yake. Kabla ya uwanja wa ndege wa Mahé kufunguliwa mwaka 1971, msafiri alifika kwa meli, na Mombasa ilikuwa mojawapo ya bandari zilizoviunganisha visiwa hivyo na dunia. Waingereza walivitumia kuwafungia watawala waliowapinga: Prempeh, mfalme wa Asante, alifikishwa huko mwaka 1900, na Khalid bin Barghash wa Zanzibar alipelekwa huko baada ya kukamatwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Upweke uliokuwa adhabu kwa watu hao ndio unaouzwa leo kwa bei kubwa, na inafaa mgeni wa kutoka Afrika Mashariki alifahamu jambo hilo anapoitazama bahari hiyo.

Jambo jingine lililobadilisha hali ya mgeni wa kawaida ni fedha. Hadi mwaka 2008 serikali iliishikilia thamani ya rupia, fedha za kigeni zilikuwa adimu, bidhaa ziliweza kukosekana madukani, na wageni walitakiwa kulipia malazi kwa fedha za kigeni. Nchi iliposhindwa kulipa madeni yake mwaka huo na kukimbilia Shirika la Fedha la Kimataifa, rupia iliachwa ielee, maana yake thamani yake ikawa inaamuliwa na soko, na tangu hapo mgeni hubadilisha fedha benki bila taabu na kununua papai au samaki kwa rupia kama mwenyeji.

Nyumba za kujipikia zina ubora mmoja ambao haupewi uzito unaostahili. Sera ya uwekezaji ya Shelisheli imezitenga nyumba ndogo za wageni kwa ajili ya raia, kwa hiyo mara nyingi mwenye nyumba ni mama au baba wa hapohapo kijijini, anayeishi katika ua huohuo, na kodi anayolipwa inabaki kisiwani ikasomesha watoto na kukarabati paa. Hoteli kubwa nazo zinaajiri watu wengi, lakini faida ya mwekezaji wa nje huondoka, na ndiyo maana mgeni anayejipikia huenda akawa ametumia fedha kidogo na bado akaacha nyingi mikononi mwa wenyeji. Nyumba hizo lazima ziwe na leseni. Nchi haidai viza kwa raia wa taifa lolote, ila kila msafiri huomba idhini ya kuingia kwa njia ya intaneti kabla ya safari, akionyesha tiketi ya kurudi na mahali alipokodi, na kupiga hema ufukweni kumekatazwa. Tangu Agosti 2023 kuna pia tozo ya mazingira inayohesabiwa kwa kila mtu kwa kila usiku, na kiwango chake ni kidogo zaidi katika nyumba ndogo kuliko katika hoteli kubwa.

Chakula ndicho kiini cha likizo ya namna hii, na mahali pa kuanzia ni soko la Victoria, linaloitwa kwa jina la Sir Selwyn Selwyn-Clarke, aliyewahi kuwa gavana. Asubuhi mapema samaki hupangwa juu ya meza: kolekole, tasi, jodari, pweza, na yule samaki mwekundu mnene ambaye Wakrioli, yaani wenyeji wa visiwa hivi, humwita bourzwa na kumthamini kuliko wote. Kando ya meza husimama yangeyange, ndege weupe waliozoea watu kabisa, wakingoja matumbo na vipande vinavyotupwa, na wenyeji wamewapa ndege hao jina la Madanm Paton. Meza za ndani zina mdalasini wa magome mazima, vanila, pilipili, ndizi za kupika, mashelisheli, maembe mabichi na mbirimbi. Nje ya mji, samaki wadogo kama vibua huuzwa barabarani kwa mtungo, wakiwa wamefungwa pamoja kwa kamba bila kupimwa kwenye mizani, na kwa desturi ya zamani muuzaji hupuliza kombe kubwa la bahari ili majirani wajue kwamba chombo kimefika. Anayeusikia mlio huo hana haja ya kuuliza samaki ni wa lini.

Bei ya samaki hufuata upepo, jambo ambalo mtu wa pwani yoyote ya Afrika Mashariki analielewa. Kusi inapovuma, hasa kuanzia Juni hadi Septemba, bahari huchafuka, boti ndogo hukaa pwani, na samaki wanaofika sokoni hupungua.

Upishi wenyewe si mgeni kwa jiko la Mswahili. Samaki hupasuliwa mgongoni, husuguliwa kwa tangawizi, kitunguu saumu, chumvi na pilipili, kisha huchomwa juu ya makaa na kuliwa kwa wali na dengu. Pweza huchemshwa hadi alainike, halafu humaliziwa katika tui la nazi lenye bizari na kipande cha mdalasini. Mbirimbi hukatwa vipande vyembamba, hukamuliwa kwa chumvi ili kupunguza ukali, na kuchanganywa na kitunguu kuwa kachumbari. Shelisheli lililokomaa huokwa zima motoni hadi ganda liwe jeusi, ama hukatwa na kukaangwa kama chipsi, ama huchemshwa kwa tui na sukari likawa kitafunio kitamu kiitwacho ladob. Mgeni aliyechoka kupika huenda kwenye vibanda vya chakula cha kubeba, ambako sahani ya wali na mchuzi wa samaki hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya mkahawa wa hoteli, na ambako mafundi, walimu na madereva hupanga foleni saa sita mchana.

Mahitaji makavu, yaani mchele, mafuta, chai na sukari, ni vyema yanunuliwe katika maduka makubwa ya Victoria kabla ya kupanda boti, kwa kuwa maduka ya La Digue ni madogo na huweza kuishiwa. Safari ya boti kutoka Mahé hadi Praslin huchukua takriban saa moja, na kutoka Praslin hadi La Digue ni kama robo saa. Kisiwani La Digue magari ni machache na watu wengi huendesha baiskeli, hivyo mgeni naye hukodi baiskeli yenye kikapu na kubebea humo mkate, samaki na maji. Nyama, mbegu na matunda mabichi visifungashwe kutoka nyumbani, kwa kuwa sheria za kuzuia magonjwa ya mimea na wanyama ni kali, na mfuko wa kitambaa ni wa lazima kwa mnunuzi, maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu mwaka 2017.

Fukwe zote za Shelisheli ni za umma, na mgeni wa chumba cha bei nafuu huogelea Beau Vallon au Anse Lazio kwa haki ileile ya mgeni wa hoteli ya kifahari. Hata hivyo, kwa Anse Source d'Argent, ufukwe wa La Digue, njia ya kawaida hupitia shamba la L'Union, ambalo hutoza kiingilio. Kinachotofautiana ni hali ya maji. Wakati wa kusi Beau Vallon, iliyo upande wa kaskazini-magharibi wa Mahé, hutulia, ilhali Grand Anse ya La Digue huwa na mikondo inayoweza kumvuta hata mwogeleaji hodari, na Grand Anse ya Praslin hujaa mwani. Kaskazi ikiingia, kati ya Desemba na Machi, mvua huongezeka na mawimbi huhamia upande wa pili. Anayetaka bahari tulivu na samaki wa kutosha kwa pamoja huchagua tangambili, yaani kipindi cha kati ya pepo hizo mbili, mnamo Aprili au kati ya Oktoba na Novemba, na kwa sababu nyumba zenye jiko karibu na fukwe si nyingi, inafaa akodi yake miezi kadhaa kabla.